Hija ya Miguu na Maana ya Njia: Mfano wa Bonde la Gudbrandsdalen, Norwei

1.0 Utangulizi

Mtu anayetaka kueleza kwa Kiswahili safari ya miguu ya siku nyingi, ifanywayo kwa nia ya ibada, hukuta maneno mawili tayari: hija na ziara. Yote mawili yana asili ya Kiarabu. La kwanza lina maana ya msingi ya kukusudia kwenda mahali. La pili ni kuzuru, na katika pwani yetu hutumika hasa kwa kwenda kwenye makaburi ya watu wema. Maneno haya hutazama kikomo cha safari. Neno la Kilatini peregrinus, ambalo ndilo chanzo cha neno la Kinorwei pilegrim, hutazama kwingine. Huhusishwa na per, yaani 'kupitia', na ager, yaani 'shamba', na maana yake ya awali ni mgeni, mtu aliye nje ya nchi yake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tofauti hii si ya msamiati tu, bali inagusa namna tunavyoamua nani ni hujaji na nani si hujaji. Mfano wetu ni njia ya Mtakatifu Olav, hususan sehemu yake ipitayo katika bonde la Gudbrandsdalen.

2.0 Kukatika na Kufufuka kwa Njia

Mfalme Olav Haraldsson aliuawa vitani Stiklestad mwaka 1030, na mwaka uliofuata akatangazwa kuwa mtakatifu. Alizikwa Nidaros, mji ambao leo huitwa Trondheim, na baadaye kanisa kuu likajengwa mahali hapo. Kwa takribani karne tano watu walikwenda huko kuomba uponyaji na msamaha. Mwaka 1537 Matengenezo ya Kanisa yalipofika Norwei, sanduku la fedha la mtakatifu huyo lilichukuliwa hadi Denmark likayeyushwa, na hija ikakoma. Njia zenyewe hazikufutika zote, kwani wakulima na wasafiri waliendelea kuzitumia. Kilichofifia ni maana yake.

Maana hiyo ilihifadhiwa kwa sehemu na fasihi. Sigrid Undset, aliyeishi Lillehammer na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1928, aliandika riwaya ya Kristin Lavransdatter (1920–1922), ambayo mhusika wake mkuu amekulia Sel, ndani ya bonde hili. Kristin huenda Nidaros kwa miguu akiwa mama kijana mwenye toba, amembeba mtoto wake mchanga. Na katika uzee wake huacha shamba na kuvuka milima ya Dovre akiwa hujaji. Hivyo wasomaji waliijua hija kabla ya njia kurudishwa. Mwaka 1997, Trondheim ilipoadhimisha miaka 1,000, njia ilifunguliwa upya ikiwa na alama za msalaba wa Olav. Mwaka 2010 Baraza la Ulaya liliitambua kuwa njia ya kiutamaduni. Kutoka Oslo hadi Trondheim ni kilomita 643 hivi, mwendo wa kama mwezi mmoja.

3.0 Mwendo Bondeni

Gudbrandsdalen huanzia Lillehammer, kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa Mjøsa, na kufuata mto Lågen kuelekea Dovre. Kulipita kwa miguu huchukua zaidi ya wiki moja. Atazamaye ramani angedhani kwamba njia hufuata ukingo wa mto, penye tambarare. Sivyo. Barabara kuu na reli ndizo zilizo chini. Njia ya mahujaji, kwa sehemu kubwa, hukata mteremko kutoka shamba hadi shamba. Sakafu ya bonde ilisumbuliwa na majimaji na mafuriko, kama yale ya Julai 1789 yaliyoangamiza watu na mashamba. Kwa hiyo wenyeji wengi walijenga juu, penye jua. Hujaji basi hupanda na kushuka kutwa, mto akiuona tu kwa mbali.

Ringebu kuna kanisa la mbao lililojengwa mnamo mwaka 1220, ambalo bado lasimama. Mbele zaidi ni Hundorp. Hapo, kwa masimulizi ya Snorri Sturluson yaliyoandikwa katika karne ya 13, Olav alikutana na Dale-Gudbrand, mkuu wa bonde, mwaka 1021. Sanamu ya mungu Thor ikavunjwa na ndani yake wakatoka panya na nyoka. Haya ni masimulizi ya upande ulioshinda. Dini mpya iliingia bondeni ikiwa na jeshi nyuma yake, na mtembezi makini hawezi kupita Hundorp bila kukumbuka kwamba mtakatifu anayemwendea ndiye aliyewalazimisha mababu wa wenyeji wake kubatizwa. Njia hutunza yote mawili, baraka na shuruti.

4.0 Mgeni Mashambani

Sheria ya Norwei ya mwaka 1957 humruhusu kila mtu kutembea katika ardhi isiyolimwa. Ardhi iliyolimwa hupitwa tu inapokuwa imeganda au imefunikwa na theluji, wakati ambao mahujaji ni wachache. Kwa hiyo njia inapopita kwenye viunga vya mashamba, hutegemea maafikiano na wenyewe. Mtembezi hufunga kila lango alilofungua, na usiku aghalabu hulala katika jengo la kale la shamba, pengine ghala lililokuwa la nafaka. Hapa etimolojia ya peregrinus yaonekana kwa macho: ni mgeni apitaye shambani mwa mtu kwa hisani ya mtu.

Hoja inayoweza kutolewa dhidi yetu ni kwamba hija ya Makka nayo ina mwendo: tawafu, sai, na kwenda Arafa. Ni kweli. Lakini mwendo huo ni sehemu ya ibada ndani ya mahali penyewe. Afikaye kwa ndege hija yake haipungui. Njiani kuelekea Nidaros mambo ni kinyume. Wengi wa watembezi wa leo hawaendi kuomba kitu kwenye kaburi, ambalo hata mahali pake hasa hapajulikani. Kwa kipimo cha kikomo hao ni watalii. Kwa kipimo cha ugeni ni mahujaji.

Namugongo, Uganda, hutoa mfano wa upande wa pili. Kila mwaka kabla ya tarehe 3 Juni, waumini kutoka Uganda, Kenya na Tanzania hutembea kwa siku nyingi kuwaenzi mashahidi waliouawa kati ya 1885 na 1887. Norwei iliweka alama za njia ili kuwarudisha watembezi. Kwa hawa, watembezi ndio wanaoifanya barabara ya kawaida kuwa njia ya hija. Hata hivyo nao hulala kwa hisani ya wenyeji, parokia kwa parokia.

5.0 Hitimisho

Tumeona kwamba hija na ziara hutaja kikomo na kuacha njia bila jina. Hatupendekezi neno jipya. Hija ya miguu yatosha, mradi mfasiri aelewe kwamba 'ya miguu' hapa si maelezo ya chombo cha safari, bali ni kiini cha dhana. Akiifasiri njia ya Olav kuwa 'utalii wa kidini', atakuwa amemnyima mtembezi ugeni wake, na mwenye shamba ukarimu wake. Na hayo mawili ndiyo yaliyoifufua njia.