Skrubu Ikigoma Kwenye Kabureta

Pikipiki ikianza kuzimazima au kuvuja petroli chini ya kabureta, tiba yenyewe haina siri: fungua bakuli la chini, zibua jeti, kagua floti na sindano yake, funga. Kinachokula muda ni kule kufungua. Bakuli hushikwa na skrubu mbili, tatu au nne, nyingi za milimita 4, na kwenye Honda XL125 au Yamaha DT125 iliyozeekea mwambao wa Kilwa na Lindi, walau moja itagoma.

Pikipiki ya njia ya Liwale humsumbua fundi kwa vumbi. Ile inayopakia samaki Somanga na Kivinje, au magunia kwenye mashamba ya chumvi, humsumbua kwa kutu, na si kutu ile nyekundu tuliyoizoea. Kabureta hutengenezwa kwa aloi ya zinki au ya aluminiamu, ilhali skrubu zake ni za chuma. Metali mbili tofauti zikigusana, kisha unyevu wenye chumvi ukaingia kati, huzaliwa betri ndogo ambayo ndani yake zinki au aluminiamu ndiyo inayoliwa. Mabaki yake ni unga mweupe, na unga huo huchukua nafasi kubwa kuliko metali iliyouzaa. Hujishindilia kwenye uzi wa skrubu hadi skrubu ikabanwa pande zote.

Hata hivyo, chumvi hubebeshwa lawama nyingi zisizo zake. Skrubu nyingi ninazoona zimeliwa kichwa ziliuawa na bisibisi. Kabureta za Mikuni na Keihin zilizotoka Japani hutumia skrubu za kipimo cha Kijapani, JIS, ambazo mara nyingi huwa na kitone kidogo kando ya msalaba. Bisibisi ya nyota ya kawaida, ya mfumo wa Phillips uliotokea Marekani miaka ya 1930, inafanana na ya JIS kwa macho tu. Ncha yake haifiki chini ya msalaba, kwa hiyo ukikaza mkono hupanda juu na kuparura kingo. Mtu akiteleza mara mbili, mara ya tatu hana tena pa kushika. Bisibisi ya JIS namba 2 ikikosekana, chukua ya nyota namba 2 uisage ncha kidogo kwa tupa, ukiijaribu mpaka ikae bila kucheza.

Toa kabureta kwenye pikipiki, mwaga petroli yote, uiweke juu ya mbao. Tia mafuta ya kupenya kwenye kila skrubu na uache usiku kucha. Kesho yake simamisha bisibisi wima na uigonge kwa nyundo ndogo mara kadhaa kabla ya kuzungusha, maana mtikisiko huvunja ule unga. Ikikataa, mwagia maji yanayochemka kwenye pembe yenye skrubu hiyo. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma, na zinki zaidi ya hapo, hivyo tundu hulegea kuliko skrubu. Moto wa wazi usiukaribie: mvuke wa petroli haujaisha, na aloi ya zinki huyeyuka kabla ya kufika nyuzi 400 za Sentigredi. Wapo pia wanaolaza kabureta kwenye maji ya ndimu. Ndimu huitafuna zinki yenyewe, na mwenye pikipiki huondoka na kabureta inayong'aa yenye matundu yaliyopanuka.

Kichwa kikishalika, usiendelee kukizungusha. Skrubu za bakuli zina kichwa kilichoinuka, kwa hiyo jaribu kwanza kukibana kwa vaisgripu. Ikishindikana, toboa. Piga alama katikati kwa senta panchi, weka drili ya milimita 4, nenda polepole. Ghafla kichwa kitakatika na kuanza kuzunguka pamoja na drili kama pete. Acha hapo hapo. Bakuli litainuka, na kipande cha skrubu kitabaki kimesimama wazi. Hiki kwa kawaida hutoka kirahisi kuliko ulivyotarajia, kwa kuwa sehemu kubwa ya mkazo ilikuwa chini ya kichwa. Kibane karibu na shina, rudisha mbele na nyuma robo mzunguko, ongeza mafuta. Kikivunjika usawa wa tundu, toboa kwa milimita 3.3 ukate uzi mpya wa milimita 4 kwa tapu. Uzi wa zamani ukiwa umeharibika kabisa, 4.2 na uzi wa milimita 5.

Skrubu ya kurekebisha hewa au mafuta haimo katika ukatili huu. Ni shaba laini yenye ncha kama sindano. Hiyo ni ya mafuta, joto na subira tu.

Wakati wa kufunga, mafundi wengi sasa huweka skrubu za spana ya L za chuma kisichoshika kutu. Sina ugomvi na kichwa chake, lakini chuma hicho huichochea zaidi ile betri, kwa hiyo pasipo grisi kwenye uzi unajitafutia kazi ya mwakani. Pima na urefu: skrubu iliyozidi hugota mwisho wa tundu na kupasua ukuta, wakati bakuli bado linavuja. Kaza kwa mshazari, kwa vidole vitatu.