Kupanga Ukaguzi wa Virusi katika Kompyuta ya Nyumbani

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Tabora kabla ya kuendelea hadi Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Pamoja na vitambaa, shanga na pembe za ndovu, misafara hiyo ilieneza ndui. Aliyeambukizwa aliweza kutembea siku kadhaa kabla dalili hazijajitokeza, na ugonjwa ukafika mahali ambapo haukuwapo.

Virusi vya kompyuta husafiri kwa namna inayofanana na hiyo. Leo, mkazi wa Tabora, Urambo, Kaliua au Kigoma hubeba flashi mfukoni: asubuhi huichomeka steshenari ili kuchapisha barua, mchana ofisini, jioni katika kompyuta ya nyumbani. Kwa sababu hiyo, tunapenda kusahihisha dhana iliyoenea kwamba kompyuta isiyounganishwa na intaneti haiwezi kupata virusi. Flashi moja yatosha kuvileta.

Kinachopotea si mashine pekee. Ni orodha ya wanachama na hesabu za chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku, utafiti wa mwanafunzi wa chuo, au picha za familia zisizo na nakala nyingine.

Kwa nini ukaguzi urudiwe?

Programu ya kukinga virusi hulinda kwa njia mbili. Kwanza, huchunguza kila faili linapofunguliwa au kunakiliwa. Pili, hupekua mafaili yaliyokwisha kuhifadhiwa. Huu ndio tunaouita ukaguzi. Kwa sehemu kubwa, programu hutambua virusi kwa kulinganisha faili na orodha ya alama za virusi vinavyojulikana. Kirusi kilichoingia wiki iliyopita, kabla hakijaorodheshwa, chaweza kukaa kimya ndani ya folda. Orodha ikishasasishwa, ukaguzi hurudi nyuma na kukibaini. Hivyo, ukaguzi unaotegemea orodha ya miezi sita iliyopita hauna thamani kubwa.

Kompyuta zenye Windows 10 au Windows 11 huja na Microsoft Defender bila malipo ya ziada. Kwa kawaida programu hiyo hufanya ukaguzi mfupi yenyewe wakati kompyuta imewashwa lakini haitumiki. Hapo ndipo penye tatizo kwa nyumba nyingi: kompyuta huwashwa kwa kazi, huzimwa mara kazi inapokwisha, na wakati mwingine umeme hukatika. Ukaguzi hukosa nafasi, na mwenye kompyuta hapati habari.

Aina za ukaguzi

Ukaguzi wa haraka hupekua sehemu ambazo virusi hupenda kujificha, na aghalabu huchukua dakika chache. Ukaguzi kamili hupekua diski nzima. Katika kompyuta ya zamani waweza kuchukua saa kadhaa. Ukaguzi wa kuchagua hupekua folda au flashi uliyoitaja. Tunashauri ukaguzi wa haraka kila wiki, ukaguzi kamili mara moja kwa mwezi, na ukaguzi wa flashi kila inaporudi kutoka kompyuta nyingine. Usidhani kwamba ukaguzi kamili umegusa flashi. Katika mpangilio wa kawaida wa Defender, flashi haimo.

Namna ya kukagua sasa

1. Unganisha kompyuta na intaneti, hata kwa bando la simu, ili orodha ya virusi isasishwe.
2. Fungua Windows Security, kisha sehemu iliyoandikwa “Virus & threat protection”.
3. Bofya “Protection updates”, kisha “Check for updates”, na usubiri usasishaji ukamilike.
4. Bofya “Quick scan” kwa ukaguzi wa haraka, au “Scan options” ili kuchagua ukaguzi kamili.
5. Kwa flashi, ichomeke bila kufungua faili lolote. Bofya alama yake kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha chagua “Scan with Microsoft Defender”.

Namna ya kupanga ratiba

1. Fungua programu iitwayo Task Scheduler.
2. Upande wa kushoto, fungua “Task Scheduler Library”, kisha Microsoft, Windows, na Windows Defender.
3. Bofya mara mbili “Windows Defender Scheduled Scan”.
4. Katika “Triggers”, bofya “New”, chagua “Weekly”, kisha weka siku na saa.
5. Katika “Settings”, weka tiki penye maneno “Run task as soon as possible after a scheduled start is missed”.

Hatua ya tano ndiyo muhimu zaidi kwa mazingira yetu. Huiagiza kompyuta ifanye ukaguzi itakapowashwa tena, endapo saa iliyopangwa ilipita umeme ukiwa umekatika. Chagua saa ambayo kompyuta kwa kawaida huwa imewashwa, kwa mfano Jumamosi alasiri. Saa nane za usiku haifai ikiwa kompyuta huzimwa saa tatu. Kwa kompyuta mpakato, ichomeke kwenye umeme kabla ya ukaguzi kamili.

Virusi vikipatikana

Kubali pendekezo la programu la kukitenga au kukiondoa kirusi, kisha rudia ukaguzi. Ukifungua flashi ukakuta alama za njia ya mkato badala ya mafaili yako, usizibofye. Mara nyingi mafaili yamefichwa tu, nayo hurejeshwa. Usiifute flashi kwa haraka. Ikague kwanza au umpelekee fundi unayemwamini.

Ujumbe wa ghafla katika ukurasa wa intaneti unaodai kompyuta yako ina virusi na kukutaka ulipe au upige simu ni utapeli. Funga ukurasa huo. Aidha, epuka programu zilizochezewa ili zitumike bila leseni, hasa zinapokutaka uzime kinga kwanza.

Mipaka ya ukaguzi

Ukaguzi hauzibi nyufa za mfumo. Mwezi Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili katika nchi nyingi duniani na kudai fidia, ilhali Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha kuziba ufa huo mwezi Machi. Sasisha Windows, ukikumbuka kwamba msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Ukaguzi pia haufungui mafaili yaliyokwisha kufungwa na kirusi cha aina hiyo. Weka nakala ya kazi zako muhimu katika diski ya nje, uichomoe baada ya kunakili, na uihifadhi mbali na kompyuta.

Kuingilia data au mfumo wa kompyuta ya mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Ukidaiwa fidia ili urejeshewe mafaili yako, usilipe: malipo hayahakikishi kuwa utayapata. Piga picha ya ujumbe huo na utoe taarifa katika kituo cha polisi kilicho karibu nawe.