Fordlandia: Mji wa mpira uliojengwa bila kumuuliza mwenyeji

Ukipanda mto Tapajós kutoka Santarém, kaskazini mwa Brazil, unakutana na tenki kubwa la maji lililosimama juu ya msitu. Chini yake kuna maghala yenye madirisha yaliyovunjika, mabaki ya hospitali iliyoporwa, na safu ya nyumba za mbao za mtindo wa Marekani. Hapo ndipo Fordlandia, mji ulioanza kama shamba la mpira na kuishia kuitwa mji wa mizimu.

Mwenye shamba alikuwa Henry Ford, mtengenezaji wa magari tajiri wa Marekani. Viwanda vyake vilihitaji mpira kwa matairi na vifaa vingine, lakini sehemu kubwa ya mpira wa dunia ilitoka mashamba ya Waingereza na Waholanzi huko Asia. Ajabu ni kwamba miti hiyo asili yake ni Amazon. Mwaka 1876 Mwingereza Henry Wickham alisafirisha mbegu zipatazo 70,000 kutoka bonde hilohilo la Tapajós hadi London, na kutoka huko miche ikapelekwa Asia.

Ford akaamua kuurudisha mpira nyumbani. Alipata ardhi ya takriban kilomita za mraba 10,000, na mwaka 1928 meli zake zikafika na mashine, mbao na misumari.

Vurugu za chakula

Wafanyakazi walipewa mshahara, matibabu ya bure na shule kwa watoto wao. Lakini pamoja na hayo walipangiwa namna ya kuishi. Pombe ilipigwa marufuku, hata ndani ya nyumba zao. Nyumba zenyewe ziliezekwa kwa bati lililowekewa asbesto, zikawa kama tanuri, ilhali za wenyeji zilizoezekwa kwa majani zilikuwa na ubaridi.

Mezani mambo yalikuwa hayohayo. Watu waliozoea samaki, maharage na unga wa muhogo waliwekewa uji wa oti, matunda ya makopo, mchele usiokobolewa na mkate wa ngano nzima.

Desemba 1930 kikombe kilijaa. Bwaloni wahudumu waliondolewa, na kila mtu akatakiwa apange foleni na kujichukulia sahani mwenyewe. Watu waliotoka juani wamechoka waliona wamedharauliwa. Wakavunja vyombo, wakaharibu magari na kuzipasua saa za kugongea kadi za kazi. Mameneja wakakimbilia kwenye mashua mtoni, hadi askari walipoletwa kurudisha utulivu.

Msitu nao ukakataa

Baada ya hapo mji ulitengenezwa upya, lakini tatizo kubwa lilikuwa shambani. Katika msitu wa Amazon mti wa mpira huota mbali na mwenzake, hivyo ugonjwa wa majani hauenei kwa urahisi. Wataalamu wa viwanda waliipanda kwa safu, karibukaribu. Matawi yalipoanza kugusana, ukungu ukaruka kutoka jani hadi jani, na viwavi wakamalizia. Asia miti ilistawi hata ikibanana, kwa kuwa ugonjwa huo haukuvuka bahari pamoja na mbegu.

Mwaka 1934 kampuni ilianzisha shamba jingine, Belterra, karibu zaidi na Santarém. Huko nako ugonjwa ukafuata. Baadaye mpira wa kutengenezwa viwandani ukaingia sokoni. Mwaka 1945 mjukuu wake, Henry Ford II, aliirudishia serikali ya Brazil mashamba yote kwa takriban dola 250,000, ilhali familia ilikwisha kutumia kama dola milioni 20. Mzee Ford alifariki mwaka 1947 bila kukanyaga hata mara moja mji uliobeba jina lake.

Wafanyakazi wengi waliondoka, majani yakafunika barabara. Hata hivyo mizimu haiko peke yake: zipo familia zilizohamia nyumba za zamani, zinalima na kufuga.

Ford hakuwanyima watu wake dawa wala shule. Alichosahau ni kuwauliza wanakula nini, wanalalaje na mti unaota vipi. Ni swali ambalo hata mkuu wa nyumba ndogo hufaa ajiulize: je, ninayoyaamua kwa ajili ya wanangu, nimewahi kuwasikiliza?