Kiwanja: Kusomea biashara bila kufunga butiki, inawezekana?

Diploma ya Serikali iko mkononi, butiki imeanza kutembea, na jamaa wanauliza: chuo kikuu utaenda lini? Kwa vijana wengi wa Kiwanja, wilayani Rutshuru, jibu linaanzia barabarani. Goma iko umbali wa zaidi ya kilometa 70, na huko ndiko kuna UNIGOM, ULPGL, ISC na ISIG.

Katika mfumo wa LMD, uliochukua nafasi ya graduat, lisansi ni miaka 3 na krediti 180. Masta inaongeza miaka 2 na krediti 120. Hiyo ni krediti 60 kila mwaka, na hazipunguzwi kwa sababu mtu anasoma mangaribi. Hapo wengi wanajidanganya. Masomo ya mangaribi si masomo mepesi. Kinachobadilika ni saa ya kuingia darasani, na usingizi.

Kwa karani anayeishi Goma, mangaribi ni msaada mkubwa. Kwa mwenye butiki Kiwanja, si sana. Nani atafunga saa nane, apande gari mpaka Goma, asome hadi usiku, kisha arudi kulala kwake? Italazimu apange chumba mjini. Na akishakipanga, kwa maoni yetu ni afadhali asome mchana, amalize kwa wakati, huku mdogo wake akishika butiki. Mtaji ukiwa mdogo kiasi kwamba hakuna wa kuushika, basi angoje mwaka mmoja.

Kuna pia MBA ya viongozi walio kazini. Chuo Kikuu cha Chicago kiliianzisha mwaka 1943. Karibu na sisi inatolewa na ESAMI ya Arusha na Strathmore ya Nairobi. Mtu anasoma siku chache mfululizo, anarudi kazini, kisha anaitwa tena. Inamfaa meneja wa shirika au wa koperative, kwani wanadai lisansi, miaka ya kazi na Kiingereza. Aliyemaliza sekondari juzi bado.

Kabla ya kulipa minervali, omba kalenda ya mitihani. Maharagwe ya msimu wa B huvunwa karibu Juni na Julai, na mwenye depo asiponunua wakati huo, mwaka wake umepotea. Uliza pia malipo yanapitia wapi: mabenki ya Goma yalifunga milango mwanzoni mwa 2025 baada ya M23 kuingia mjini, na watu wakategemea M-Pesa na Airtel Money. Makato ya simu yahesabu pamoja na ada, mara zote utakazolipa kwa mwaka.

Na ukisikia chuo kimefungua tawi karibu na nyumbani, usilipe kwanza. Waombe wakuonyeshe arrêté ya waziri inayowaruhusu kutoa diploma, uisome mwenyewe, uangalie kama fani unayoitaka imeandikwa humo.