Saratani ya Ini: Mkasi wa Seli Unapokosea

Mtazame fundi cherehani wa Kitengela akiwa kazini. Kutoka jora moja la kitambaa atakushonea shati au kaptura ya mwanafunzi; yategemea vipande anavyovikata na kuviunga. Seli za mwili wako nazo hufanya vivyo hivyo.

Seli hunakili jeni, ikakata sehemu zisizohitajika na kuziunga zilizobaki. Nakala hiyo ndiyo hutumika kutengeneza protini. Vipande vikiungwa kwa namna tofauti, jeni moja huzaa protini kadhaa. Waliogundua kwamba jeni huwa vipande vipande, Richard Roberts na Phillip Sharp, walifanya hivyo mwaka 1977 na kutuzwa Nobel mwaka 1993.

Basi mkasi ukikosea je? Ipo jeni iitwayo KLF6. Ikiungwa sawasawa, protini yake huzuia seli kuzaana ovyo. Katika saratani ya ini, watafiti wameona nakala yake fupi ikizidi. Protini hiyo fupi huipinga ile kamili, na uvimbe ukapata nafasi ya kukua.

Mahindi na maziwa

Ini huanza kuharibika mapema zaidi. Maadui wawili wakuu katika nchi zetu ni virusi vya hepatitisi B na aflatoksini, sumu ya kuvu inayoota kwenye mahindi na njugu. Sumu hii huweza kuharibu jeni nyingine ya ulinzi, p53. Mwenye virusi hivyo akiila mara kwa mara, hatari yake huongezeka mara nyingi.

Mwaka 2004, aflatoksini iliwaua watu 125 kati ya 317 waliougua, wengi wao Makueni na Kitui. Hao walikula sumu nyingi kwa mpigo. Saratani huletwa na ile iliwayo kidogo kidogo kwa miaka. Makueni ni jirani wa Kajiado, ambako familia nyingi hununua mahindi. Na ng'ombe akilishwa mahindi yenye kuvu, sumu huingia katika maziwa.

Ufanye nini?

Kupika hakuiondoi sumu hii. Anika mahindi hadi unyevu usizidi asilimia 13.5, uyahifadhi mahali pakavu, na yaliyoota kuvu uyatupe, usimpe mfugo. Mtoto naye apate chanjo ya hepatitisi B, ambayo Kenya imewapa watoto wachanga tangu mwaka 2001.