Paa la Gari na Jarari ya Jahazi

Mji wa Eldoret una kisa chake ambacho wenyeji hawachoki kukisimulia. Mwaka 1912, mji ulipokuwa bado mchanga, benki ya Standard ilikusudia kufungua tawi huko. Likaletwa sefu la chuma kwa gari la kukokotwa na maksai. Lilipofika likaporomoka chini, na kwa uzito wake likawashinda watu kulinyanyua. Walifanyaje? Wakaliacha pale pale lilipoanguka, wakalizungushia kuta, na hiyo ndiyo ikawa benki.

Kisa hiki huchekesha, lakini kina fundisho lake: asiye na chombo cha kuinulia, mzigo ndio humchagulia pa kujenga.

Eldoret ya leo, iliyotangazwa kuwa jiji mwaka 2024, si ile ya maksai. Hata hivyo suala la kunyanyua halijaondoka. Huko juu Uasin Gishu, kiasi cha mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, ni nchi ya mahindi na ngano, na gari za shamba zina thamani yake. Miongoni mwao ni Land Rover za zamani, gari iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948 na kukusudiwa hasa wakulima. Nyingine katika gari hizo zina paa gumu la kuvuliwa, lililokazwa kwa bolti. Mvua ikinyesha mwenyewe hulitaka paa, na mavuno yakifika huitaka gari wazi apakie magunia.

Kulivua si kazi ya mtu mmoja. Desturi ni kuita vijana wanne, kila mmoja ashike pembe yake. Lakini wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Leo watakuja, kesho mmoja ana udhuru, keshokutwa mwingine anashika kiuno. Ndipo mwenye gari au fundi wa jua kali anapotazama juu ya banda lake na kujiuliza: kwani boriti hii haiwezi kunishikia?

ELIMU TULIYONAYO

Sisi watu wa pwani swali hilo tulikwisha kulijibu zamani. Itazame jahazi inapotweka tanga. Foromali ni gogo zito, na tanga lililolowa huzidisha uzito. Hakuna baharia awezaye kuipandisha kwa mabega. Huishika henza, ile kamba nene, na henza hufungwa gofia, na ndani ya gofia hupita jarari ambayo mabaharia huivuta. Kwa jarari kwenda na kurudi katika roda, uzito hugawanyika.

Wala elimu hii haikuandikwa juzi. Katika karne ya 9 Qusta bin Luqa, mzaliwa wa Baalbek, alikifasiri kwa Kiarabu kitabu cha Heron wa Iskandaria juu ya mitambo ya kuinulia mizigo. Ndani yake mmeelezwa vyombo vitano: jiti la kuzungushia kamba, wenzo, roda, kabari na parafujo. Asili yake ya Kiyunani ilipotea, isipokuwa vipande. Tafsiri ya Kiarabu ndiyo iliyokihifadhi kitabu hadi leo. Basi fundi anayefunga roda katika banda la Eldoret anasoma, pasipo kujua, katika chuo hicho hicho.

HESABU YA KAMBA

Tuseme paa la gari lina uzito wa kilo 80. Ukiipitisha kamba katika roda moja iliyofungwa juu, hukupata nafuu ya uzito hata kidogo. Umebadilisha upande tu: badala ya kusukuma juu, unavuta chini. Ukitaka nafuu, lazima ziwepo roda zinazopanda pamoja na mzigo. Mzigo ukishikwa na mikondo minne ya kamba, utavuta kwa nguvu ya kilo 20, na zaidi kidogo kwa sababu ya msuguano. Lakini kumbuka: ili paa lipande mita moja, utavuta kamba mita nne. Kinachopunguzwa katika nguvu hulipwa katika urefu. Hapana cha bure.

Sasa njoo kwenye jambo ambalo wengi hulisahau. Katika ile roda moja, boriti haibebi kilo 80. Hubeba mzigo, na juu yake hubeba nguvu ya mvutaji, jumla kilo 160. Hata kwa mikondo minne, ukivuta kuelekea chini, boriti hubeba kilo 100. Na kenchi za banda nyingi zimepigwa zishike mabati na upepo, hazikupigwa zishike paa la gari. Fundi mwenye akili husimamisha nguzo zake mwenyewe, za chuma au mbao nene, akalaza boriti juu yake, ili mzigo ushuke moja kwa moja ardhini.

Kisha paa lishikwe pembe zote nne, kwa mikanda mipana au kwa mbao mbili zilizovikwa matambara, na kamba zote zikutane kwenye winchi moja ya mkono, ndipo lipande sawasawa bila kulala upande. Winchi iwe na meno ya kuzuia, ili mkono ukichoka mzigo usirudi kwa kishindo. Kabla ya kuvuta, bolti zote zihesabiwe na nyaya za taa zitenguliwe, maana bolti moja ikisahauliwa utajikuta unainua gari zima. Vuta kiasi cha vidole vinne, simama, zunguka, tazama. Paa likishafika juu lifungwe kwa minyororo. Lisiachiwe kamba peke yake. Katani huoza kwa unyevu, na nailoni huliwa na jua.

Na mtu asipite chini yake. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka vyombo vya kuinulia mizigo mahali pa kazi vikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa. Lakini fundi wa jua kali mara nyingi ni mwajiri na mwajiriwa katika kiwiliwili kimoja. Mkono wake ukisagika, hana ofisi ya kwenda kudai, na nyumbani kuna watoto wanaongoja unga wa jioni. Roda mbovu aliyoinunua kwa bei ya chini itakuwa imemgharimu kuliko gari lenyewe.

Wahenga wamenena kwamba kamba hukatikia pabovu. Nahodha mwema huipapasa jarari yake pima kwa pima kabla ya kung'oa nanga, akapatafuta hapo pabovu kwa vidole vyake. Aliye bara, mbali na mawimbi, naye ana bahari yake: ni ile nafasi iliyo baina ya boriti na kichwa chake.