Stata haizungushi injini? Usikimbilie kununua nyingine

Msikilizaji, umetoka Kaliua na mgonjwa kwa pikapu ya zamani. Mmesimama Usoke kidogo, na sasa gari haliwaki. Njia hii, waliyopita misafara ya Ujiji, haina duka la vipuri kila kijiji.

Kama ni gia za mkono na betri ina umeme, lisukumeni, mgonjwa afike Tabora kwanza. Stata tutaishughulikia baadaye, na tunaanza hivi: washa taa kubwa, kisha geuza ufunguo.

Taa zikififia sana, shida huenda ni betri au waya. Sugua kutu kwenye vichwa vya betri na uvikaze. Kagua pia waya wa ethi unaofungwa kwenye injini na bodi. Ukilegea huo, hata stata mpya haitazunguka.

Taa zikibaki kali na ukasikia "tak" moja tu, huenda kaboni zimeisha au solenoidi imechoka. Fundi umeme anaweza kubadilisha kaboni peke yake. Stata ikilia bila kugeuza injini, kigia chake hakishiki.

Ukilazimika kuifungua stata, toa kwanza waya hasi wa betri, kwani waya mnene wa stata una umeme hata ufunguo ukiwa umetolewa. Nenda dukani na stata ya zamani, ulinganishe meno na volti: pikapu nyingi ni 12, malori mengi 24.

Mwisho, usishikilie ufunguo zaidi ya sekunde 10. Ipumzishe, isije ikaungua.